KUPIMA ENEO LA ANGA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Nyanungu na vijiji vya jirani

Maneno ya leo

Eneo: ukubwa wa mahali, urefu ukizidishwa kwa upana.
Digrii: kipimo cha pembe. Wengine huita nyuzi. Duara zima lina digrii 360.
Digrii ya mraba: mraba ambao kila upande wake ni digrii moja.
Setilaiti: chombo kilichorushwa juu ya hewa ili kiizunguke dunia.
Eksirei: mwanga usioonekana kwa macho, ule ambao hospitali huutumia kupiga picha ya mfupa.

Ni matumaini yangu kwamba nyote mmekwisha kuketi, taa inawaka na madaftari yako wazi. Katika somo lililopita tulijifunza kutafuta eneo la shamba: urefu mara upana. Leo tutatumia hesabu hiyo hiyo, ila shamba letu la leo haliko chini ya miguu yetu. Liko juu ya vichwa vyetu. Leo tutapima anga.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, anga latuhusu nini sisi wakulima na wafugaji?" Swali hilo ni la haki. Nami nitalijibu kwanza kwa jembe, kisha kwa nyota.

Ekari na hatua

Tuanze na ardhi tunayoijua. Wengi wetu tumezoea kupima ekari kwa miguu: hatua 70 upande huu, hatua 70 upande ule. Desturi hiyo ina maana yake. Hatua ikiwa yadi moja kamili, 70 mara 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari halali ni yadi za mraba 4,840. Tofauti ni ndogo.

Lakini je, ni hatua ya nani? Tuseme kijana amepatana na mwenye shamba kumpalilia mahindi, malipo ni kwa ekari. Mwenye shamba ni mtu mrefu, naye anapima kwa hatua zake mwenyewe, kila hatua meta moja. Hapo 70 mara 70 ni meta za mraba 4,900. Ekari halali ni meta za mraba 4,047. Toeni. Zimezidi 853.

Kijana akipalilia ekari tano za namna hiyo, ziada yake ni 853 mara 5, yaani meta za mraba 4,265. Hiyo ni ekari ya sita na chenji, na hakulipwa hata senti. Yawezekana mwenye shamba hakukusudia kumdhulumu mtu. Hata hivyo jasho limepotea.

Tazameni jambo moja hapa. Yadi ni sentimeta 91, meta ni sentimeta 100. Hatua imezidi sentimeta 9 tu. Lakini eneo limezidi kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Sababu yake ni kwamba katika eneo kosa huingia mara mbili: mara moja katika urefu, na mara ya pili katika upana. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno hayo ubaoni, maana yatatufaa tena tutakapofika angani.

Kipimo kisichohitaji futi kamba

Haya, sasa inueni macho. Mwezi mpevu una upana gani? Mtoto atasema ni kama sahani, mzee atasema ni kama ungo. Nani amesema kweli? Hatuwezi kuamua, maana ungo ukiwa ng'ambo ya mto huonekana mdogo kuliko sahani iliyo mkononi. Vitu vya angani havifikiwi kwa futi kamba. Kwa hiyo hatupimi ukubwa wao kwa meta, bali twapima nafasi wanayoichukua machoni petu. Nafasi hiyo hupimwa kwa pembe, na pembe huhesabiwa kwa digrii.

Simama uwanjani, ugeuke polepole mpaka urudi ulipoanza. Umezunguka digrii 360. Sasa tazama pale anga linapokutana na ardhi, kisha pandisha macho mpaka juu ya utosi wako. Umepanda digrii 90.

Kila mmoja wetu amezaliwa na kipimo cha digrii. Nyoosha mkono wote mbele, kunja ngumi, ufumbe jicho moja. Upana wa ngumi hiyo ni karibu digrii 10. Kidole kidogo, mkono ukiwa umenyooka, ni karibu digrii 1. Mtoto ana ngumi ndogo, lakini mkono wake nao ni mfupi, kwa hiyo hesabu hutoka karibu ile ile.

Hata hivyo msiiamini ngumi kabla ya kuihakiki, kama vile tusivyoiamini hatua. Panda ngumi juu ya ngumi, kutoka ukingo wa anga mpaka utosini. Zikiwa tisa, ngumi yako ni kipimo cha haki. Zikiwa nane, jua kwamba ngumi yako yapita digrii 11, na kila eneo utakalopima kwa kuihesabu kuwa 10 litakuwa na kosa.

Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu. Wengi hawaamini mpaka waufunike kwa kidole kidogo, nao ukafichika wote na nafasi ikabaki. Kwa kuwa ni mviringo, eneo lake ni takriban sehemu moja ya tano ya digrii ya mraba. Yaani digrii moja ya mraba hutosha eneo la mwezi mara tano.

Anga si mkeka

Je, anga lote lina digrii za mraba ngapi? Mwanafunzi mwepesi atajibu upesi: kuzunguka ni 360, kutoka ncha ya kaskazini ya anga mpaka ncha ya kusini ni 180, na 360 mara 180 ni 64,800.

Amezidisha sawasawa, lakini jibu si hilo. Amelifanya anga kuwa mkeka. Anga hutuzunguka kama ndani ya mpira, juu yetu na chini ya upande wa pili wa dunia. Chukueni chungwa, mkalimenye kwa vipande vya kusimama, kutoka kikonyo mpaka chini. Kila kipande ni kipana katikati, na ncha zote mbili ni nyembamba. Mkeka hauna wembamba huo, ndiyo maana hesabu ya mkeka imezidi.

Hesabu ya maumbo yaonyesha kwamba katika kila sehemu 11 za mkeka, mpira una kama sehemu 7. Basi gawanyeni 64,800 kwa 11, kisha zidisheni kwa 7. Mtapata karibu 41,236. Hesabu iliyo kamili zaidi ni digrii za mraba 41,253. Nambari hiyo ndiyo eneo la anga lote, nayo haibadiliki, awe anatazama mtu wa Nyanungu au mtu wa Japani. Kwa wakati mmoja twaona nusu yake, kama 20,626, kwa kuwa nusu ya pili iko chini ya ardhi.

Hapa sisi wa Nyanungu tuna bahati ambayo wengi hawana. Tuko kati ya digrii 1 na 2 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo mwaka ukizunguka, karibu anga lote hupita juu yetu. Sehemu isiyochomoza kwetu ni duara dogo upande wa kaskazini, lisilozidi digrii za mraba 13. Mtu wa London anakosa karibu 7,800. Huyo akikaa kwao hauoni Msalaba wa Kusini hata siku moja.

Wataalamu wamelikata anga lote katika makundi ya nyota 88, na mwaka 1930 mipaka yake ilichapishwa, ili kila nukta ya anga iwe na kundi lake kama kila shamba lilivyo na kijiji chake. Msalaba wa Kusini ndio mdogo kuliko yote: digrii za mraba 68. Lililo kubwa kuliko yote huitwa Hydra: digrii za mraba 1,303, kama mara 19 ya Msalaba. Ukijumlisha yote 88 unarudi pale pale, 41,253.

Dirisha la Uhuru

Mpaka hapa tumepima kwa ngumi. Sasa tuwatazame watu waliokagua anga lote kwa chombo, nacho kilianza safari yake hapa hapa Afrika ya Mashariki.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba tangu ilipopata uhuru. Siku hiyo roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya Wamarekani. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini iliwapasa kwenda juu? Kwa sababu walitaka kuhesabu vitu vya angani vinavyotoa eksirei, na hewa ya dunia huzizuia eksirei hizo zisitufikie. Hapo kwanza wataalamu walitumia roketi ndogo zilizokaa juu ya hewa dakika chache tu kisha zikaanguka. Kwa roketi ya namna hiyo, mwaka 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walivumbua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua letu na sayari zake. Lakini dakika chache hazitoshi kukagua digrii za mraba 41,253. Ni sawa na kuhesabu ng'ombe wa wilaya nzima kwa kuchungulia tundu la mlango.

Na kwa nini karibu na Malindi? Mahali pale pako karibu na Ikweta. Dunia inavyojizungusha huisukuma roketi kuelekea mashariki, na msukumo huo ni mkubwa zaidi kwenye Ikweta. Tena setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta huepuka sana chembe za umeme zinazovuruga vyombo vya kuhesabia.

Uhuru ilikuwa na madirisha mawili, yakitazama pande mbili zilizo kinyume. Dirisha pana lilikuwa digrii 5 kwa digrii 5. Zidisheni: digrii za mraba 25. Dirisha jembamba lilikuwa nusu digrii kwa digrii 5: digrii za mraba 2 na nusu. Faida ya kila moja ni nini? Dirisha pana lilipokea mwanga kutoka eneo kubwa, hata wa vitu hafifu. Lakini likisema, "Kuna kitu humu," neno "humu" ni eneo la mwezi mara 125, na nyota zilizomo ni nyingi mno. Dirisha jembamba lilipunguza eneo la kutafuta mara kumi. Mlizi akikuambia, "Ng'ombe wako yuko Tarime," amekusaidia kidogo. Akikuambia, "Yuko katika bonde lile," sasa waweza kwenda.

Chombo kilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika kama 12. Dirisha lake pana likafyeka ukanda kuzunguka anga, upana digrii 5, urefu digrii 360. Eneo la ukanda huo ni 5 mara 360, karibu digrii za mraba 1,800. Gawanyeni 41,253 kwa 1,800, mtapata karibu 23.

Je, kanda 23 zilitosha? Hazikutosha. Kumbukeni chungwa. Kanda zinazolizunguka anga lote hukatana, ambavyo huwezi kuzungusha kamba mbili kwenye chungwa, zote zikipita katikati yake, zisikutane. Mahali zinapokatana pamepitiwa mara mbili, na mahali pengine hapajaguswa bado. Kwa hiyo watu walioko chini waliigeuza Uhuru mara kwa mara, wakiandika kila eneo lilitazamwa kwa muda gani. Kuandika huko ndiko kunakotofautisha upimaji na kutembea ovyo.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo vya eksirei 339. Kimoja kati ya vilivyochunguzwa sana, Cygnus X-1, kiliwaka na kufifia haraka mno, chini ya sekunde moja. Wataalamu walipojua kilipo waligundua kwamba kinazungukana na nyota kubwa, na ndicho kitu cha kwanza kilichokubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye uzito ambao hata mwanga hauwezi kukitoroka. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tena kuna jambo la kuwafurahisha ninyi mnaojifunza kusoma. Katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima, majina ya vyanzo vingi hivyo huanza na alama 4U. Nambari 4 ni kwa sababu ni orodha ya nne. Na herufi U? Ni U ya Uhuru, neno mliloandika katika daftari zenu.

Idadi bila eneo ni nusu ya habari

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Vyanzo 339, je, ni vingi au ni vichache? Mwenye kujibu upesi hajajifunza. Aliyejifunza huuliza kwanza: katika eneo gani? Gawanyeni 41,253 kwa 339. Ni chanzo kimoja katika kila digrii za mraba 122, karibu mraba wa digrii 11 kwa 11, yaani ngumi moja na kidogo kila upande.

Mwaka 2019 ilirushwa darubini ya eksirei ya Wajerumani iitwayo eROSITA. Januari 2024 walitangaza vyanzo kama 900,000. Tusisahau swali letu. Hivyo vilihesabiwa katika nusu ya anga tu, digrii za mraba 20,626. Gawanyeni: karibu vyanzo 44 katika kila digrii moja ya mraba. Anga ni lile lile. Kilichobadilika ni ukali wa jicho. Kwa hiyo swali la pili ni hili: kwa kipimo gani?

Njia hiyo ya angani ndiyo itumikayo jirani yetu, Serengeti. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kwa ndege. Katika miaka iliyofuata wahesabu wa nyumbu walizoea kurusha ndege kwa mistari iliyonyooka, wakipiga picha ambazo eneo la kila moja lajulikana, kisha wastani huzidishwa kwa eneo lote. Wakipiga picha penye mkusanyiko tu, nyumbu watazidi. Wakipiga penye ukame tu, watapungua. Yapasa kuchagua mistari kabla ya kuona wanyama walipo.

Basi, akija mtu kwako na idadi, iwe ya magunia, ya mifugo, ya miche au ya nyota, usiishike mpaka aseme eneo. Magunia 20 katika ekari moja ni sifa. Magunia 20 katika ekari nne ni kilio. Na akisema "ekari", muulize imepimwa kwa hatua ya nani. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Wapimaji wa anga huulizana hivyo kila siku.

Kazi ya darasa

Tengenezeni fremu ya mraba kwa mabua au waya, ndani yake sentimeta 10 kwa 10. Fungeni uzi wenye urefu wa sentimeta 57 kutoka kwenye fremu. Usiku usio na mwezi wala mawingu, mtu mmoja ashike ncha ya uzi karibu na jicho, auvute unyooke, atazame ndani ya fremu. Kwa nini 57? Chora duara chini kwa kigingi na kamba ya sentimeta 57. Mzingo wake ni karibu sentimeta 360. Kwa hiyo katika umbali huo sentimeta moja ni digrii moja, na fremu yenu ni digrii za mraba 100.

Chagueni mahali 10 kabla ya kuanza, kila pande za anga, si ule ukanda mweupe wenye nyota nyingi peke yake. Hesabuni nyota katika kila mahali. Tuseme jumla ni 150. Wastani ni 15. Nusu ya anga ni kama fremu 206. Kwa hiyo 15 mara 206 ni nyota 3,090. Darasa lenu litapata nambari yake, nanyi mwiandike pamoja na tarehe na saa. Fanyeni kazi hiyo uani, msiende mbali na nyumba. Ninyi mnaokaa jirani na hifadhi mnajua kwamba tembo nao hutembea usiku.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini kosa dogo katika hatua huwa kosa kubwa katika eneo?
2. Kwa nini eneo la anga si 64,800?
3. Mkulima amevuna magunia 36 katika ekari 3, jirani yake magunia 28 katika ekari 2. Ni nani aliyevuna vizuri zaidi kwa ekari?
4. Pimeni yadi 70 kwa futi kamba. Kila mmoja aitembee na kuandika hatua zake. Ni wangapi kati yenu wenye hatua ya haki?

Swali la nne lisiachwe. Msimu wa kupalilia haujangoja mtu. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.